Pete ya Waya kwenye Ndege ya Mwenyekiti

Kazi yangu ni kushona viti vya ndege. Dada yangu, tunayefuatana naye tumbo moja, ni fundi wa avioniki, yaani vile vifaa vyote vya umeme vinavyomwambia rubani yuko wapi, anaelekea wapi na nini kinamsubiri mbele. Tunafanya kazi banda moja. Yeye hushinda puani mwa ndege, mimi nashinda tumboni. Watu wa bandani wanamwita Waya, na mtu asikudanganye kwamba ni kwa sababu ya kazi yake. Ni kwa sababu ukimgusa vibaya anapiga shoti.

Nataka kumweleza mwenyewe, maana siku hizi anaelezwa na watu ambao hata bisibisi hawajui kuishika, na wengine wao ni damu yetu. Naandika nikiwa na hasira, nasema mapema. Anayetaka msimulizi mpole atafute mwingine, wako wengi.

Waya ni mfupi. Miwani yake imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, na mifuko ya ovaroli lake imejaa vipande vya waya na peremende za tangawizi. Alianzia kwenye duka la kutengeneza televisheni, akavuka kwenda redio za uwanja wa ndege, akaenda kusomea leseni akiwa tayari mtu mzima mwenye mvi mbili tatu. Mumewe alisema hawezi kuishi na mwanamke anayelala na vitabu, akaondoka. Waya alimfungashia nguo zake vizuri, akazipiga pasi kabisa, halafu akarudi kwenye kitabu.

Ana sheria zake. Huingii na chai kwenye chumba cha rubani. Humwambii "fanya haraka". Na humgusii sanduku lake la vifaa. Ndani ya sanduku hilo kuna sponji nene iliyochongwa mashimo kwa umbo la kila kifaa, koleo na shimo lake, bisibisi na shimo lake. Jioni anafungua na kutazama. Shimo likiwa tupu, ndege haitoki bandani mpaka kilichopotea kipatikane, hata ikiwa ni msumari, kwa sababu kitu kidogo kikibaki kwenye nyaya za usukani wa ndege ni mazishi. Ukimnunia kwa hilo atakwambia, "Nuna. Ukimaliza kununa, inama tutafute."

Ndani ya sanduku hilo kulikuwa na pete nyekundu za plastiki, na pete hizo ndizo kisa chenyewe. Kwenye chumba cha rubani, ubavuni mwa kiti, kuna safu za vibonye vyeusi vidogo. Mafundi wanaviita breka. Kila kimoja kinalinda kifaa chake. Ukikivuta nje, kifaa kinazimika. Fundi akitaka kufanya kazi kwenye kifaa fulani, anavuta breka yake na kuivika pete nyekundu ili isirudi ndani. Na hapo kuna mwiko unaojulikana na kila mtu anayefanya kazi kwenye ndege, kuanzia injinia mpaka anayefagia: aliyevika pete ndiye anayeivua. Mwingine hagusi, hata awe na haraka kiasi gani, kwa sababu hajui mwenzake ameshika nini upande wa pili. Waya alizipaka pete zake tone la rangi ya kucha ya zambarau, ili ziwe zake bila ubishi. Ukiona pete yenye tone la zambarau, umemwona Waya amesimama pale na mikono kiunoni.

Sasa nije kwa Mwenyekiti. Mwenyekiti wa nini? Wa kila kitu. Popote penye kiti cha mbele, alikuwa amekikalia. Alinunua jeti ndogo, injini mbili mkiani, nyeupe kama yai, na akaileta kwetu itunzwe. Siku ya kwanza Waya alinipitisha mle ndani, na sijawahi kumwona ameridhika vile. Skrini tatu pana mbele ya marubani. Rada puani, inayoona mvua ikiwa bado mbali. Otopailoti inayoweza kuishika ndege kwa upole kuliko mkono wa mtu. Kifaa cha kusikia ndege nyingine iliyo karibu na kumwambia rubani apande au ashuke. Na ndani ya kisanduku kimoja cha kijivu, ramani ya milima yote ya dunia.

"Kaka," aliniambia akikipapasa kile kisanduku, "hiki kinajua kila kilima kilipo, hata usiku, hata kwenye wingu. Ukikikaribia vibaya kinapiga kelele."

Kweli kilipiga kelele. Kilikuwa na sauti ya mwanamke, kavu, isiyobembeleza: ardhi mbele, nyanyua, nyanyua! Marubani waliibatiza sauti hiyo Mama Mkwe, kwa sababu haioni jema, inasema ikiwa haijaulizwa, na ukiidharau utajuta.

Mwenyekiti yeye aliuliza mambo mengine. Aliuliza kama ngozi ya viti inaweza kufanana na viatu vyake. Nilishona viti vile mara mbili kwa sababu uzi wa kwanza aliuona mweupe mno. Aliuliza kishikio cha kikombe kinafunguka upande gani. Kuhusu rada hakuuliza neno, na mimi hilo lilinikera tangu siku hiyo, ingawa si kazi yangu kukereka kwa niaba ya rada.

Rubani wa ndege hiyo alikuwa shemeji yetu, mume wa mdogo wetu wa mwisho ambaye nyumbani tunamwita Kitinda. Na huyo shemeji tumwite Kapteni, ndivyo alivyopenda kuitwa hata akiwa amevaa kandambili. Ni rubani mzuri, sitamnyima haki yake. Kazi ile ilikuwa imebeba nyumba yake, watoto wake, na kwa kweli hata mama yetu, kwa sababu Kapteni hakuwa mchoyo. Mama akimtaja ilikuwa lazima kwanza aseme "mwanangu".

Tatizo lilianzia shambani kwa Mwenyekiti. Ana shamba kubwa katikati ya vilima, na alilima kiwanja chake binafsi cha kutulia ndege huko huko. Kiwanja hicho hakikuwamo kwenye ramani ya Mama Mkwe. Kwa hiyo kila Kapteni aliposhuka kwenda kutua, Mama Mkwe aliona ndege inaelekea kilimani bila sababu, akapiga ukelele. Dawa yake inajulikana: kiwanja kipimwe, vipimo vipelekwe, kiwekwe kwenye ramani. Mwenyekiti alikataa. Hataki wapimaji shambani kwake. Majirani waliohamishwa pale wanajua kwa nini, nami naishia hapo.

Siku moja alikuwa na wageni wakubwa. Wanashuka kwenye wingu jepesi, glasi mkononi, mara Mama Mkwe: nyanyua, nyanyua! Wageni wakashika viti vyangu kwa kucha, mikwaruzo niliiona mwenyewe. Mwenyekiti akaaibika. Alipotua akamwambia Kapteni, "Huyo mwanamke wako kule mbele, sitaki kumsikia tena."

Basi Kapteni akaanza kuvuta breka ya Mama Mkwe kila akikaribia shamba. Lakini rubani msaidizi, mtu mgeni kazini na mwenye kufuata sheria, kila akiiona nje alikuwa anairudisha ndani. Mabishano yakawa kila safari. Ndipo shemeji yetu akapata wazo.

Wiki hiyo Waya alifungua sanduku lake jioni akakuta shimo la pete moja liko tupu. Akaizuia ndege. Tuliinama wote. Nilitoa mito ya viti niliyoibana kwa gundi siku ileile. Kapteni naye alikuwepo, amepiga magoti pamoja nasi, anatumulikia kwa tochi ya simu yake chini ya viti na kusema, "Pole shemeji, pole sana, vitu vidogo hivi vinasumbua." Mwisho akasema amekumbuka: aliiona pete kwenye takataka alizozoa mama wa usafi. Mama wa usafi akaapa kwamba hakuiona. Akakaripiwa na meneja mbele ya watu wote, mwanamke mwenye wajukuu, akasimama na ufagio wake akilia. Meneja akasema basi pete imekwisha kutupwa, ndege ikatoka.

Pete ilikuwa mfukoni mwa Kapteni. Tochi mkononi, pete mfukoni, anatusaidia kutafuta. Kila nikiikumbuka tochi ile natamani ningalimuuma.

Ndege iliporudi kwa matengenezo, Waya aliwasha umeme, akakaa kiti cha rubani na kumjaribu Mama Mkwe, kama anavyofanya siku zote, kwa kubonyeza kitufe cha majaribio. Nilikuwa nyuma nabana mkono wa kiti. Nilisubiri ile sauti kavu. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Halafu nikamsikia Waya anavuta pumzi.

"Kaka. Njoo uone."

Breka ya Mama Mkwe ilikuwa nje, imevishwa pete nyekundu, na kwenye pete tone la zambarau.

Sikuelewa mara moja, na yeye alinieleza polepole, kwa sauti ndogo, jambo ambalo kwa Waya ni dalili mbaya. Rubani msaidizi hawezi kugusa pete ya fundi. Kwa hiyo Mama Mkwe alikuwa amefungwa mdomo moja kwa moja, si shambani tu, bali kila mahali, kila safari. Na ndege ikigonga kilima, wachunguzi wakiokota mabaki, wangekuta nini? Pete ya Waya. Wangesema fundi alizima, akasahau.

"Ameazima jina langu," alisema, "ili afe nalo."

Kapteni alipofika, miwani ya jua usoni na funguo zinazunguka kidoleni, Waya alikuwa amesimama mlangoni mwa ndege na pete kiganjani. Kapteni aliiona. Funguo zikaacha kuzunguka.

"Shemeji, tuongee pembeni."

"Pembeni wapi? Hapa pana nafasi. Kaka yuko hapa, ongea."

"Mzee ameniweka pabaya. Ameniambia nichague, sauti au kazi."

"Kuna kitufe cha kuzima kelele za ramani peke yake. Unakijua."

"Nakijua. Kile kinazima nusu tu. Ukishuka haraka bado anasema. Mzee hataki asikie hata kikohozi chake."

"Na pete yangu?"

Kapteni akatazama sakafu. "Ilikuwa ya muda tu."

"Na mama wa usafi aliyekaripiwa, naye alikaripiwa kwa muda tu?"

Kapteni akatia funguo mfukoni. Mimi nilikuwa nimeshika nyundo ya mpira na nilijishangaa ninavyoikaza. Waya akamwambia neno moja la mwisho: "Nenda mwenyewe kwa watu wa mamlaka ya anga ukaseme. Anayejisema mwenyewe wanamsikiliza, na leseni yako utabaki nayo. Usipokwenda wewe, nitakwenda mimi."

Mtu mwenye akili angekwenda. Yeye alikwenda kwa mama mkwe wake wa kweli, yaani mama yetu.

Jumapili mchana tukaitwa. Sebule ya mama ni ndogo, makochi yana vitambaa vya kufuma, na ukikaa wengi magoti yanagusana. Kitinda alikuwa amekwisha kulia kabla hatujafika, macho yamevimba. Kapteni alikaa kona, ameinama, amevaa shati la heshima. Chai ikamiminwa, hakuna aliyeigusa.

"Mambo ya ndugu humalizwa ndani," mama alisema.

"Ndani hakuna kilima, mama," Waya akajibu.

"Usinijibu hivyo. Huyu ndiye nguzo ya nyumba ya mdogo wako. Ukimwangusha, umewaangusha watoto."

"Nataka kumzuia asianguke. Ndiyo kazi yangu."

Kitinda akadakia, "Dada, amerusha ndege miaka yote hiyo, hajapata hata mkwaruzo. Kwani wewe ndiye unayeishika ndege angani? Wivu tu!"

"Wivu wa nini?"

Hapo mama akasema lile neno. Alilisema taratibu, akipanga vikombe: "Mwenye mume ndiye anayejua uchungu wa mume. Wewe utajuaje?"

Nilisimama. Kwetu mtu hamfokei mama yake, na mimi sikumfokea, lakini nilitoka nje nikaupiga teke ukuta wa banda la kuku mpaka kidole kikafa ganzi. Niliporudi, Waya alikuwa bado amekaa palepale, miwani mkononi, anaipangusa kwa pindo la nguo. Hakulia. Alimwambia Kapteni, "Kesho asubuhi bado ni yako," akaaga kila mtu kwa heshima na kuondoka.

Kesho ilifika na wingu lililoshuka mpaka kwenye paa la banda. Mwenyekiti naye alifika mapema, anataka kwenda shambani. Waya alikuwa amemwamsha Mama Mkwe na kuijaribu sauti mara kadhaa, kila mtu bandani akaisikia. Mwenyekiti akapanda, akakaa kwenye kiti nilichomshonea mara mbili, akakunja nne.

"Hiyo sauti bado ipo?"

"Ipo," Waya akasema. "Na itabaki. Peleka wapimaji shambani, itakuacha utue kwa amani."

"Mama, ndege hii ni yangu. Nikitaka inyamaze, inanyamaza."

"Ndege ni yako. Mlima si wako."

Mwenyekiti akacheka, cheko la mtu aliyezoea kuchekewa. "Mlima nao ni wangu! Uko ndani ya shamba langu!"

Alitutazama ili tucheke naye. Wapambe wake wakacheka. Meneja wetu akacheka, Mungu amsamehe, mimi bado. Halafu Mwenyekiti akamgeukia shemeji yetu.

"Kapteni. Tuache maneno ya mafundi. Nikimnyamazisha huyo bibi, hii ndege inaruka au hairuki?"

Nataka mjue Kapteni alikuwa na muda wa kufikiri. Hakuna aliyemharakisha. Alimtazama Waya, akanitazama mimi, akatazama lile wingu nje ya mlango. Kila kitu alikijua kuliko sisi sote, maana yeye ndiye anayekaa mbele na kilima kinakuja.

"Inaruka, mzee," akasema.

Waya akatoa simu mfukoni, peremende moja ikadondoka, akampigia mkaguzi wa mamlaka palepale mlangoni, mbele ya Mwenyekiti, kwa sauti ya kawaida kama mtu anayeagiza betri. Alitaja ndege, akataja breka, akataja pete yake. Na alipoulizwa jina la rubani, alilitaja lote, la kwake na la baba yake. Aliposema jina hilo ndipo sauti yake ilipokatika, mara moja tu.

Wakaguzi walifika kabla ya adhuhuri. Ndege ikafungwa. Leseni ya Kapteni ikasimamishwa, na Mwenyekiti akamfukuza jioni ileile bila hata kumwita kwa cheo cha Kapteni. Leseni hadi leo hajarudishiwa. Alikuwa na njia ya kuipunguza adhabu kwa kukiri, lakini mbele ya wakaguzi akasema tena kwamba pete aliivika Waya. Bahati rubani msaidizi alisema kweli kuhusu breka iliyokuwa ikivutwa kila safari.

Mnataka kusikia kwamba Mwenyekiti alipata alichostahili? Hata mimi nilitaka. Alihamishia jeti yake kwenye banda jingine, akapata rubani mwingine, na bado anaruka. Naiona ikipita juu, nyeupe, inang'aa. Haijagonga kitu. Kiwanja hakijapimwa, sauti inazungumza au haizungumzi, sijui. Na hilo ndilo linalowapa ndugu zetu nguvu. "Mbona inaruka?" wananiuliza. "Mbona haijaanguka? Dada yako alimponza mwenzake bure." Unajibu nini hapo? Kazi ya Waya ni ya ajabu. Akiifanya vizuri hakuna kinachotokea, na kisichotokea hakina shahidi.

Meneja kwa kuogopa wateja alimhamishia kwenye ndege za wanafunzi, zile kuukuu zenye redio moja na sindano zinazotetemeka. Anazitengeneza kwa ukali uleule. Alikwenda kwa mama wa usafi, akamwambia mbele ya wote, "Ulisema kweli, nasi tulikuonea." Meneja hakusema hivyo mpaka leo. Mama yetu anazungumza na Waya kwa kupitia mimi, hata wakiwa chumba kimoja: mwambie dada yako chai iko mezani.

Mwezi uliopita watoto wa Kitinda waliugua homa, wote kwa pamoja. Waya alinunua machungwa, akaniomba nimsindikize. Tulibisha hodi getini. Alitoka Kapteni mwenyewe, fulana na pajama, amenenepa, kijiko bado mkononi kwa sababu alikuwa anawalisha uji wanawe. Alipomwona Waya, alianza. Alimwita mchawi. Alimwita mwanamke aliyekimbiwa. Alimwambia alivunja nyumba yake kwa sababu ya yeye mwenyewe kukosa nyumba. Majirani walifungua madirisha. Ndani, mtoto mmoja alikuwa anaita, "Baba! Baba, uji!" na yeye akawa anageuka kumjibu, "Nakuja, mwanangu," halafu anarudi kwetu kuendelea na matusi kutoka alipoishia.

Mimi nilitaka kumvaa. Nilikuwa nimekwisha kulishika geti, naapa, nilikuwa naingia. Waya akanikamata shati kwa nyuma.

"Mwache."

"Nimwache? Humsikii?"

"Namsikia," alisema. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na hakuyaficha. "Mwache atukane, kaka. Maiti hatukani."